Sadaka Huamuliwa Nyumbani

Kwa waumini wengi, uamuzi wa sadaka hauzidi muda wa wimbo mmoja. Kiongozi wa ibada anatangaza matoleo, kwaya inasimama, na hapo ndipo mikono inapoingia mifukoni na kwenye pochi kutafuta kilichopo. Aliyekuta noti ya elfu kumi peke yake anamnong'oneza jirani kama ana chenji. Aliyekuta sarafu ya mia tano anaifumba kiganjani isionekane. Aliyetoka nyumbani bila kitu anabaki kwenye benchi, ameinamia kitabu cha nyimbo mpaka mstari upite.

Ushauri wangu katika makala haya ni mmoja, na mengine yote yanatoka humo: sadaka yako iamue nyumbani, kabla ya Jumapili, ukiwa umetulia. Ukishaiamua, usimruhusu mtu yeyote akuamulie upya mbele ya watu, awe mchungaji, mshereheshaji wa changizo au nabii wa kwenye televisheni.

Wazo hili si langu. Mtume Paulo alipokuwa akikusanya mchango kwa ajili ya maskini wa kanisa la Yerusalemu, aliwaelekeza Wakorintho, katika sura ya 16 ya waraka wa kwanza, kwamba kila juma linapoanza kila mmoja atenge kitu kwake, kulingana na alivyojaliwa, ili yeye atakapofika pasiwe na kuchangisha tena. Mhubiri aliyeweza kusimama mbele ya watu na kuwatoa machozi alitaka suala la fedha liwe limemalizika kabla hajafika mlangoni. Katika waraka wa pili, sura ya 9, anatoa sababu: anayetoa awe ameshapanga ndani yake mwenyewe, asisukumwe na majuto wala shinikizo. Mtu hawezi kuwa amepanga jambo ambalo ameanza kuliwaza kapu likiwa mbele yake.

Tangu mwanzo utoaji ulikuwa sehemu ya ibada. Justino Mfiadini, aliyeandika utetezi wa Wakristo mjini Roma katikati ya karne ya 2, anasimulia jinsi Jumapili yao ilivyokwenda. Maandiko yanasomwa, kiongozi anahubiri, watu wanasimama kuomba, mkate na divai vinaletwa, na wenye uwezo wanatoa kila mmoja kiasi anachoona kinafaa. Kilichopatikana kinakabidhiwa kwa kiongozi, naye anawahudumia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mwishoni mwa karne hiyo hiyo, Tertuliano wa Karthago anataja hazina ambamo watu hutia kidogo kila mwezi, kwa hiari, na kinachopatikana kinatumika kuwalisha na kuwazika maskini, kuwalea watoto waliofiwa na wazazi, kuwatunza watumwa wazee na walionusurika baada ya vyombo vyao kuzama. Ukisoma maelezo hayo mawili unaona sadaka ilikuwa inaelekea wapi ilipotoka madhabahuni.

Hata leo jambo hilo bado linaonekana, ukitazama vizuri. Katika Misa ya Wakatoliki mstari wa vipaji hubeba mkate na divai pamoja na mchele, ndizi, sabuni na kuku, vyote vikielekea mahali pamoja. Kwetu Walutheri bahasha na makapu hupelekwa mbele, yanaombewa, na baada ya ibada tunasimama nje kwenye mnada wa mayai, kabichi na mikungu ya ndizi iliyoletwa na washarika ambao hawakuwa na fedha. Bibi aliyeleta mayai sita ameabudu sawasawa na aliyeyanunua. Tendo lenye uzito wa namna hiyo linastahili kuandaliwa, kama mhubiri anavyoandaa mahubiri na kwaya inavyofanya mazoezi.

Kaa na hesabu zako

Chagua siku. Jumamosi jioni inafaa, baada ya chakula, familia ikiwa pamoja. Weka bahasha mezani, omba kwa ufupi, kisha tazama kilichoingia juma lile au mwezi ule. Ukifanya hivyo kwa miezi kadhaa utaanza kuijua hali yako ya fedha kuliko ulivyowahi kuijua, na hiyo peke yake ni faida.

Swali la kwanza huwa ni kiasi gani, na hapo fungu la kumi linaingia. Limeleta mabishano mengi, kwa sehemu kubwa kwa sababu tunasoma mistari michache tu. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 14, mtoaji alikula zaka yake mbele za Mungu pamoja na jamaa yake kwa furaha, bila kumsahau Mlawi asiye na shamba. Na kila mwaka wa tatu zaka ilibaki mjini kwao kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Katika Hesabu sura ya 18 zaka wanapewa Walawi, nao wanatoa sehemu ya kumi ya walichopewa. Kwa hiyo hata wapokeaji walikuwa watoaji. Katika Mathayo 23 Yesu anawakemea watu waliopima zaka ya viungo vya mboga huku wameacha haki, rehema na uaminifu, ingawa hakuwaambia waache kutoa. Na Paulo, anapoyaandikia makanisa, hataji asilimia mahali popote. Anasema kadiri mtu alivyojaliwa.

Msimamo wangu ni huu. Sehemu ya kumi ni kipimo kizuri cha kuanzia kwa mtu mwenye kipato cha kutosha, na kwa tajiri ni kidogo mno. Anayepata milioni kumi kwa mwezi akitoa milioni moja, hajaona tofauti yoyote nyumbani kwake. Mama anayepata laki na nusu akitoa elfu kumi na tano, amegusa unga wa watoto. Torati yenyewe iliona tofauti hiyo. Katika Walawi sura ya 12, mwanamke aliyejifungua alipaswa kuleta mwanakondoo, lakini asipoweza alileta ndege wawili, na ndege hao walipokelewa. Luka anatuambia Mariamu na Yusufu walileta ndege. Bwana wetu aliletwa hekaluni kwa sadaka ya maskini, na hakuna kuhani aliyewaambia warudi wakatafute kondoo.

Mwenye mshahara kazi yake ni nyepesi. Akiuliza kama ahesabu kabla ya makato ya kodi na hifadhi ya jamii au baada, namwambia achague moja, aandike, na asibadilishe kila mwezi kwa kutafuta ile inayompunguzia. Ugumu uko kwa sisi wengine ambao kipato hakina tarehe. Mama lishe anayeuza chakula cha elfu sitini kwa siku hajapata elfu sitini. Toa mchele, maharage, nyama, mkaa, maji na ushuru, pengine amebaki na elfu kumi na tano, na hiyo ndiyo ya kuhesabia. Akitoa kutoka kwenye mauzo atakula mtaji, na baada ya miezi michache hatakuwa na biashara wala sadaka. Dereva wa bodaboda aondoe kwanza mafuta na hesabu ya mwenye pikipiki. Mkulima wa kahawa atoe anapopokea malipo ya awali, na atoe tena malipo ya pili yakija, badala ya kukadiria kwa bei ambayo haijatangazwa. Wa mahindi anaweza kutenga debe lake kabla hajaanza kuuza, maana magunia yakishapakiwa kwenye gari kila shilingi inakuwa na mwenyewe.

Kwa anayepata kidogo kidogo kila siku, mfano bora ninaoufahamu unatoka mbali, Mizoram, kaskazini mashariki mwa India. Tangu 1910 wanawake wa Kanisa la Presbiteri huko wamekuwa wakitenga konzi moja ya mchele kila wanapopika, wanaiweka kwenye chombo chake, na mchele unakusanywa na kuuzwa kwa kazi ya kanisa. Walikuwa maskini, na hawakungoja fedha. Jikoni mwa Mtanzania konzi hiyo inaweza kuwa unga, maharage au sarafu ya mia mbili ndani ya kopo. Kinachofanya kazi ni kutenga mwanzoni, sufuria haijabandikwa.

Jambo dogo la mwisho hapa. Usitafute noti iliyochakaa kuliko zote ndio uitie kwenye bahasha. Malaki sura ya 1 inawasema watu waliomletea Mungu wanyama vilema ambao hawangethubutu kumpelekea mkuu wa mkoa wao. Sarafu moja iliyotolewa kwa heshima ni sadaka safi. Noti iliyotolewa kwa sababu hakuna muuza duka aliyeikubali ni kitu kingine.

Wenye haki kwenye fedha hiyo

Hapa ningependa tukae zaidi kidogo, kwa sababu ni pa muhimu kuliko asilimia.

Malaki sura ya 3 husomwa mara nyingi kabla ya matoleo, kuanzia mstari wa 8, pale watu wanaposhtakiwa kwa kumwibia Mungu zaka. Rudi nyuma mistari mitatu tu. Mstari wa 5 unawashtaki, pamoja na wachawi na wazinzi, wale wanaomdhulumu mfanyakazi ujira wake na kumwonea mjane, yatima na mgeni. Ni sura moja na mashtaka ni ya watu wale wale. Ikiwa dada wa kazi hajalipwa mshahara wa miezi miwili, fedha iliyo kwenye bahasha yako Jumamosi usiku ni yake. Mpe. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inataka kibarua alipwe jua halijazama, kwa sababu ni maskini na moyo wake uko kwenye ujira ule. Fundi aliyekupaua nyumba, kijana aliyepalilia shamba, muuza genge aliyekukopesha sukari tangu mwezi uliopita, wote hao wanatangulia.

Wazazi nao. Katika Marko sura ya 7 Yesu anakemea desturi iliyomruhusu mtu kutangaza mali yake kuwa wakfu kwa Mungu ili asiitumie kumtunza baba au mama. Kwa hiyo mtoto anayetoa laki kanisani mjini huku mama yake kijijini amekosa nauli ya kwenda kliniki ya presha hajamfurahisha Mungu. Fedha ambayo angemtumia mama ingehesabiwa. Mathayo sura ya 5 inaongeza la tatu, na hili halina uhusiano na fedha kabisa: ukikumbuka una ugomvi na ndugu yako, acha sadaka hapo hapo ukapatane naye kwanza. Jumamosi jioni ndio wakati wa kupiga simu hiyo.

Je, mwenye mkopo atoe? Kama mkopo unalipika na marejesho hayajachelewa, atoe kulingana na kinachobaki. Lakini usikope ili utoe. Nalisema kwa mkazo kwa sababu wapo watu, hasa akina mama, wanaochukua mikopo ya kausha damu ili watimize ahadi ya jengo au sare ya kitenge ya sikukuu ya kanisa, kisha wananyang'anywa televisheni na vyombo mbele ya watoto wao. Hakuna mahali popote katika Biblia ambapo Mungu anadai sadaka ya riba.

Kuna na suala la mume na mke. Sadaka ya siri ndani ya ndoa huzaa mashaka mabaya kuliko ile ambayo haikutolewa. Kaeni, mkubaliane kiasi, kila mmoja ajue kilichomo kwenye bahasha. Kama mwenzako haamini au ni wa dhehebu lingine, toa kutoka kwenye sehemu ambayo mmekubaliana kwamba ni yako, na umweleze. Mke anayechota kwenye fedha ya ada kwa sababu mchungaji amesema leo ni siku ya muujiza, na mume anayesomwa kanisani kama mtoaji mkubwa wakati nyumbani mboga ni ya shida, wote wawili wamevunja kitu ambacho bahasha haiwezi kukirudisha.

Watoto wafundishwe mapema. Badala ya kumpa mtoto sarafu mlangoni mwa kanisa, mwache atenge kutoka kwenye fedha aliyopewa kwa matumizi yake, hata kama ni shilingi mia moja. Ile ya mlangoni ni sadaka ya baba iliyobebwa na mtoto.

Mbele ya kipaza sauti

Changizo lina utaratibu wake unaojulikana. Mshereheshaji anasema kutoa ni moyo, si utajiri, kisha dakika hiyo hiyo anaita kwa viwango: wenye milioni wasimame, wenye laki tano, wenye laki, mpaka anafika kwa wenye elfu mbili, ambao sasa wamebaki wachache na kila mtu anawaona. Kijana aliyeanza kazi juzi anasimama kwenye laki tatu kwa sababu bosi wake amekaa safu ya nyuma. Jumatatu hana nauli. Anania na Safira waliangamia katika Matendo sura ya 5 kwa uongo wa kutaka kuonekana wametoa yote, na Petro aliwaambia wazi kwamba shamba lilikuwa lao na fedha yake ilikuwa mikononi mwao. Hakuna aliyekuwa amewadai.

Kwa hiyo ukijua kuna changizo, nenda ukiwa na kiasi chako kwenye bahasha, iliyofungwa. Kikiitwa kiwango chako au kisipoitwa, peleka bahasha yako na urudi kukaa. Ukiombwa uongeze, jibu la heshima lipo: nimetoa nilichojaliwa, Mungu abariki kazi hii. Huna haja ya kueleza zaidi.

Ahadi ya mwaka ni jambo jema, kwani usharika hauwezi kupanga bajeti kwa kubahatisha. Fomu ipeleke nyumbani. Usiijaze pale kwenye benchi. Andika kiasi ambacho mwezi mbaya utakiweza, na mwezi mzuri ukija ongeza kama shukrani. Hali ikibadilika, umeachishwa kazi au mvua zimekataa, mweleze mzee wa kanisa mapema na ahadi ipunguzwe. Nimeona watu wakiacha kusali kwenye usharika waliobatizwa kwa aibu ya deni la ahadi, deni ambalo mazungumzo mafupi yangelimaliza.

Fedha za wanasiasa zinastahili maneno yake. Novemba 2024 Rais William Ruto wa Kenya alihudhuria ibada katika kanisa Katoliki la Soweto, Kayole, jijini Nairobi, akatoa fedha kwa ajili ya nyumba ya mapadre na kwaya. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza shilingi 2,600,000 za Kenya zirudishwe kwa rais, na ahadi zake nyingine, likiwemo basi la parokia, hazikupokelewa. Alieleza kwamba kanisa linapaswa kulindwa lisitumike kwa malengo ya kisiasa. Wengi walishangaa kwamba jambo hilo linawezekana. Linawezekana, na katika Kutoka sura ya 36 Musa aliwazuia watu wasilete zaidi kwa sababu kazi ya hema ilikuwa imetoshelezwa. Kanisa ambalo haliwezi kukataa sadaka yoyote halina uhuru wa kumkemea aliyeitoa.

Sasa lile la kupanda mbegu. Unaambiwa utume kiasi fulani kwenye namba fulani ili upate kazi, mume, visa au uponyaji. Unauziwa maji au mafuta kwa bei iliyopangwa. Na muujiza usipokuja, kosa linakuwa la imani yako na unatakiwa kupanda tena. Soma 2 Wafalme sura ya 5. Naamani, jemadari wa Shamu, alipona ukoma akamletea Elisha zawadi nono, naye akaikataa hata alipobembelezwa. Gehazi, mtumishi wake, aliifuata njiani kwa uongo, na ukoma ukahamia kwake. Katika Matendo sura ya 8 Simoni wa Samaria alitaka kununua kipawa cha Mungu kwa fedha, na Petro alimkemea vikali. Na Didake, mwongozo wa kanisa la kale sana, unawapa waumini kipimo chepesi: nabii anayejiombea fedha ni wa uongo. Kipimo hicho bado kinatosha. Muulize anayekuombea: nisipokuwa na kitu leo, utaniombea? Akisita, ondoka, na fedha yako mnunulie dawa mgonjwa uliyekuwa unamwombea.

Nisieleweke kwamba kanisa halihitaji fedha. Linahitaji, na linazihitaji kwetu. Mwinjilisti wa mtaa ana watoto wanaosoma, umeme unakatika usipolipiwa, paa linavuja. Mwaka 1971 John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki, alisimama Marekani mbele ya watu wa misheni na kuwaambia wasitishe kwa muda kutuma wamisionari na fedha Afrika, ili makanisa yetu yajifunze kusimama. Mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliunga mkono wito huo. Wazee wetu walijua maana yake: mshahara wa mchungaji utatoka kwenye mayai ya bibi na bahasha ya mwalimu. Tukitaka kanisa lisilotetemeka mbele ya mfadhili wala mheshimiwa, njia ni hiyo, watu wengi kutoa kidogo bila kukatiza.

Wanaopokea

Nimekaa kwenye meza ya kuhesabu sadaka, na ninajua jinsi kazi ile inavyoweza kufanywa vizuri au vibaya bila mtu wa nje kujua. Kwa hiyo maneno yanayofuata ni kwa wazee wa kanisa, wahasibu na wachungaji, na kwa washarika ambao wana haki ya kuwauliza.

Katika 2 Wafalme sura ya 12, fedha za ukarabati wa hekalu zilikuwa zinaingia na nyumba haitengenezwi. Kuhani Yehoyada alichukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu pamoja, fedha zikafungwa mifukoni na kupewa mafundi. Watu wawili, kutoka pande mbili. Paulo naye, akipeleka mchango Yerusalemu, hakukubali kuubeba peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu waliochaguliwa na makanisa, na katika 2 Wakorintho 8 anasema alifanya hivyo ili asipatikane wa kumlaumu. Mtume aliona haja ya mashahidi. Sisi je?

Wahesabuji wasipungue watatu, wasiwe wa familia moja, na wapokezane kwa zamu. Fomu isainiwe kabla yeyote hajatoka chumbani. Fedha zote ziende benki siku inayofuata, bila kumegwa kwa nauli ya mgeni au soda za kwaya. Matumizi yatoke benki kwa hati ya malipo. Kilichotolewa kwa ajili ya yatima kisihamishiwe kwenye spika. Jumapili inayofuata kiasi kitangazwe, na kila robo mwaka washarika wasomewe walichotoa na kilivyotumika. Pale ambapo hesabu husomwa, manung'uniko huwa machache na bahasha huongezeka zenyewe.

Kwa malipo ya simu, namba isajiliwe kwa jina la usharika. Wewe mtoaji, kabla hujaingiza namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa la kanisa, endelea. Likiwa la mtu binafsi, hata kama ni la mchungaji unayempenda, sitisha na uulize. Na ili sadaka ya simu isiwe muamala tu, itume Jumamosi jioni mkiwa mmekaa kwa maombi, andika kiasi kwenye karatasi ndani ya bahasha, na bahasha hiyo uipeleke mbele pamoja na wengine.

Mathayo sura ya 6 inataka mkono wa kushoto usijue unachofanya wa kuume. Basi orodha za majina na viwango zitoke kwenye ubao wa matangazo. Kila mtu apewe kumbukumbu yake peke yake, mwisho wa mwaka, kwenye bahasha. Na lile linaloumiza kuliko yote: mtu akifiwa, swali la kwanza lisiwe kadi yake ya zaka. Makanisa ya kwanza yalitumia sadaka kuwazika maskini. Kumnyima maskini maziko kwa sababu hakutoa sadaka ni kuugeuza utaratibu ule juu chini, na mchungaji yeyote mwenye ujasiri anaweza kuliondoa jambo hilo katika kikao kimoja cha baraza la wazee.

Ukiona fedha zinatumika vibaya, usikimbilie kuacha kutoa wala kupeleka maneno sokoni. Mwone mzee wa kanisa, kisha mchungaji, kisha uliza kwenye mkutano mkuu wa usharika, kwa jina lako na kwa tarakimu. Ikishindikana, sadaka yako bado ina mahali pa kwenda: mjane wa mtaa wako, mgonjwa wodini, mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa daftari. Hao wamo kwenye maelezo ya Justino tangu mwanzo.

Ndugu msomaji, ikiwa usharika wako, parokia yako au mtaa wako haujasomewa hesabu mwaka huu, mwombe kiongozi wa jumuiya yako aliweke jambo hilo kwenye ajenda ya kikao kijacho. Nenda kwenye kikao hicho, na bahasha yako uwe nayo.